Mvua Iliyotiwa Saini na Marehemu

Nilikuwa nimeshika fomu ya mwezi uliopita, imejazwa siku zote thelathini na kutiwa saini chini, mtendaji wa kijiji aliponiambia kwamba mwenye saini ile yuko kaburini mwaka wa sita sasa.

"Mwalimu?" alisema. "Mwalimu tulimzika, dada. Mimi mwenyewe nilishika koleo."

Nikampa fomu aisome. Aliisoma kuanzia juu mpaka chini, akarudi tena juu, kisha akanirudishia akiwa ameishika kwa ncha za vidole, halafu akajifuta mkono kwenye suruali. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja cha bati, mlango ukitazama mashamba ya viazi. Nyuma ya viazi kulikuwa na msitu wa mipaina, na nyuma ya mipaina hapakuonekana kitu, ukungu mtupu.

Nieleze nilivyofika pale.

Kazi yangu ni kupima hali ya hewa, na nimeifanya Mbeya tangu nikiwa msichana niliyetoka chuoni. Kazi yenyewe imebadilika sana. Siku hizi setilaiti inapiga picha za mawingu kila baada ya dakika chache, na kompyuta inatazama jinsi vilele vya mawingu vilivyo baridi. Kilele kikiwa cha baridi sana, maana yake wingu limepanda juu, na linakadiriwa kuwa na mvua. Watafiti huchukua makadirio hayo, wakayalinganisha na mvua iliyopimwa ardhini kwa mkono, wakayasahihisha, na hivyo utabiri wa mafuriko na ukame unazidi kuwa wa kuaminika mwaka hadi mwaka. Lakini ili ulinganishe, lazima uwe na vipimo vya ardhini. Vingi vya kwetu vilikuwa kwenye maboksi: fomu za shule, za misheni, za mashamba ya chai, za walimu wastaafu waliokabidhiwa kipimamvua zamani na kuambiwa wasome kila siku saa tatu asubuhi.

Mimi na wenzangu wawili tulipewa maboksi hayo. Tulipiga picha kila fomu, tukaingiza tarakimu moja baada ya nyingine. Programu ya kompyuta ilikuwa inatufuata nyuma kama mkaguzi, na palipo na tarakimu isiyopatana na setilaiti au na vituo vya jirani iliweka alama nyekundu.

Kituo kimoja cha vilimani upande wa Mufindi kilijaa nyekundu. Mwaka baada ya mwaka, hasa miezi ya baridi, Juni, Julai, Agosti, setilaiti ilisema hakuna kitu, fomu ikasema milimita mbili nukta sita, moja nukta nane, nne kamili.

Kijana mtafiti aliyekuwa anasimamia kazi ile aliniita kwenye meza yake akanionyesha.

"Dada, huyu mzee anapika takwimu," alisema. "Amekaa ndani kwake anajiandikia mvua. Kidogo leo, kidogo kesho. Kituo chote hiki itabidi tukitupe."

Niliangalia zile tarakimu na mwandiko ule, wima, safi, saba zote zikiwa na kamstari katikati, nne zote zikiwa wazi juu. Nilijua mtu anayebuni mvua hubuni namna gani, na hakuna anayebuni hivi. Anayebuni huogopa kuonekana. Huyu hakuwa na habari kama kuna mtu anamtazama.

"Ngoja niende nikamwone kabla hujamtupa," nikamwambia.

"Nenda. Na uangalie kama kuna uwanja wa kuweka mtambo wa kupima wenyewe. Mtambo hausemi uongo."

Ndipo nikapanda basi la asubuhi. Igawa tulisimama, abiria wakateremka kununua mchele, mimi nikabaki kwenye kiti na zile fomu mapajani. Mafinga niliteremka, nikachukua bodaboda, na baada ya mwendo wa saa nzima kwenye barabara ya udongo mwekundu nikawa mbele ya mtendaji, ambaye sasa alikuwa ananiangalia kana kwamba nimeleta mimi jambo baya kijijini kwake.

Alinisindikiza mpaka kwenye uzio wa mianzi wa nyumba ya Mwalimu, lakini hakuingia.

"Mjane wake yupo," alisema. "Mimi narudi ofisini."

Nilibisha hodi. Mwanamke aliyetoka alikuwa mfupi, mkavu, amevaa sweta la kijivu la kiume juu ya kitenge, na gambuti miguuni. Nilimsalimu kwa Kihehe changu kibovu, "Kamwene," kisha nikaongeza shikamoo. Akaitikia yote mawili, akalitazama begi langu, akaona nembo ya kazi kwenye koti langu.

Uwanja wake ulikuwa umefyekwa kama uwanja wa kanisa. Katikati palisimama kipimamvua, ndani ya kauzio kadogo, shaba yake imesuguliwa mpaka inang'aa. Hatua thelathini kutoka pale, chini kidogo ya mteremko, kulikuwa na kaburi la saruji lenye msalaba.

Nilimpa fomu. Hakuisoma. Aliitambua tu.

"Kumbe zinafika," alisema.

"Ulidhani hazifiki, bibi?"

"Miaka yote nakwenda Mafinga kuzitia posta. Hata siku moja hakuna aliyejibu. Nilikuwa nasema labda zinaangukia mahali."

Zilikuwa zinaangukia kwenye boksi.

"Bibi, nani anazijaza?"

"Mwalimu."

Alivyosema hivyo, uso wake haukubadilika. Kisha akaona nilivyomtazama.

"Mkono ni wangu," alisema. "Mwandiko ndio wa Mwalimu. Ingia ndani, mwanangu, utapata homa hapo."

Nilikaa jikoni kwake karibu na moto, na akanisimulia akiwa anasonga ugali, bila haraka, akisimama kila mara kuongeza kuni.

Yeye alisoma mpaka darasa la nne. Mumewe alipewa kipimamvua wakati bado anafundisha, na alikipenda kuliko mshahara. Alipostaafu wakahamia kwenye shamba lake na chombo kikahama nao. Baadaye macho yakaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho. Akawa hawezi kuona mistari kwenye ile silinda ya kioo. Kwanza mke alimsomea, yeye akaandika kwa kupapasa. Mistari ikaanza kupanda na kushuka kwenye fomu. Ndipo akaamua kumfundisha mkewe kuandika kama yeye.

"Aliogopa," alisema. "Akasema, ofisini wakiona mwandiko umebadilika watajua nimekwisha, watakuja kuchukua chombo. Akaninunulia daftari la shule. Kila jioni, saba. Saba, saba, saba, ukurasa mzima. Alikuwa haoni, lakini anapitisha kidole juu ya karatasi anahisi nilivyokandamiza kalamu. Anasema, hii siyo yangu, rudia. Miezi sita nilirudia. Na saini pia. Siku moja akapitisha kidole akasema, hii ni yangu. Basi tangu siku hiyo naandika mimi."

"Na alipofariki?"

Alifunika sufuria, akakaa.

"Alifariki alfajiri. Watu wakaja, wakajaa humu, wanalia. Mimi nimekaa kwenye mkeka, nimefungwa kanga kichwani. Nikasikia redio ya jirani inasema saa tatu kasoro dakika tano. Nikainuka. Wakadhani nakwenda chooni. Nikaenda kwenye chombo, nikatoa chupa, nikapima. Dada mkubwa wa Mwalimu akanifuata akanishika mkono akasema, wifi, umechanganyikiwa. Nikamwambia, niache, nimalize kupima kwanza."

"Ilikuwa ngapi?"

Hakufikiri hata kidogo.

"Kumi na moja nukta nne."

Nilipewa chumba cha wageni, kitanda cha mbao na blanketi tatu. Nilikuwa nimepanga kukaa siku moja nikakaa nne.

Asubuhi ya kwanza chupa ilikuwa kavu, akaandika sifuri. Asubuhi ya pili niliamka nikakuta ukungu umelalia uwanja wote, na ndani ya ukungu manyunyu membamba sana, yasiyosikika hata kwenye bati. Ungedhani hayalowanishi. Nilitoka bila kofia, na baada ya dakika chache maji yalikuwa yanatiririka kwenye nywele zangu.

Saa tatu kasoro dakika tano alitoka na fomu ndani ya mfuko wa nailoni. Alifungua kauzio, akainua faneli, akatoa chupa ya ndani, akamimina kwenye silinda pole pole mpaka tone la mwisho. Aliinua silinda usawa wa macho. Nimewafundisha vijana wengi kupima mvua, na sijamwona anayeishika vizuri hivyo.

"Tatu nukta mbili," alisema kwa sauti, akiwa ameelekea kaburini.

Kisha akasimama kimya. Kalamu ilikuwa mkononi, fomu imefunguliwa kwenye ubao, na hakuandika. Nilihesabu pumzi zangu. Zilifika nane, kumi. Ukungu ulipita kati yetu ukalificha kaburi, ukalifunua. Ndipo akainama akaandika.

"Unasubiri nini, bibi?" nilimuuliza tulipokuwa tunarudi ndani.

"Mwalimu alikuwa akikaa pale mlangoni kwenye kiti. Nikimsomea, anajibu, andika. Kama nimekosea anajua, sijui alikuwa anajuaje, anasema, tazama tena. Siandiki mpaka aseme."

"Na sasa?"

"Sasa nasubiri kidogo."

"Unamsikia?"

Alivua gambuti mlangoni, akazipanga sawasawa ukutani.

"Siku nyingine naangalia tena," alisema. "Na nakuta kweli nilikosea."

Nilipanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba kutafuta mtandao, nikampigia yule kijana mtafiti.

"Niambie setilaiti inaonaje hapa niliko, tangu jana saa tatu."

Nilisikia vidole vyake kwenye kompyuta.

"Hakuna mvua, dada. Mawingu yapo, lakini ni ya chini, yana vuguvugu. Hayana mvua hayo."

"Mimi nimelowa mpaka ndani ya viatu," nilimwambia. "Nimesimama mwenyewe nikaona ikipimwa. Tatu nukta mbili."

Ni kijana mwenye akili, na alielewa kabla sijamaliza kupumua. Upepo wa kusi unasukuma mawingu ya chini yakagonga vilima, yananyunyiza pale pale bila kupanda juu. Vilele vyake havipoi. Jicho la setilaiti lililofundishwa kutafuta baridi linapita juu yake na kusema hakuna kitu.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo," alisema.

"Miaka yote hiyo ilikuwa inanyesha."

Ningeweza kuondoka siku ile. Nilichokuwa nimetumwa nilikuwa nimekipata. Lakini mchana, tukiwa tumekaa jikoni tunamenya njegere, nilijikuta namwambia mjane yule jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipangiwa kituo kidogo kwenye milima ya Uporoto, juu ya mji wa Mbeya. Nilikuwa peke yangu. Mama yangu akalazwa hospitali mjini, na siku tatu mfululizo sikupanda kituoni; usiku wa kwanza nililala sakafuni kando ya kitanda chake. Sikumwambia mkuu wangu, niliogopa kazi. Siku ya pili mama alifariki. Tulipomaliza kuzika nilipanda kituoni. Chupa ya kipimamvua ilikuwa na maji ya siku zote tatu yakiwa pamoja. Utaratibu ulikuwa wazi: unapima jumla, unaandika kwamba ni ya siku tatu, unaeleza kwa nini. Mimi niliyamwaga. Nikakaa mezani, nikafikiri mvua ya wakati ule huwa inafananaje, nikaandika milimita tano nukta sita, mbili kamili, sifuri. Nikatia saini.

Hakuna aliyeuliza. Na tulipoanza kazi ya maboksi, nikaifikia fomu ile. Niliingiza tarakimu zangu nikaingoja kompyuta. Haikuweka alama yoyote. Tarakimu za uongo zilikuwa na adabu, zilifanana na jirani zake. Zikapita, zikaingia kwenye hesabu za watafiti, ziko huko.

"Tangu siku hiyo," nilimwambia, "kila mtu akinitajia kifo cha mama, najaribu kukumbuka kama mvua ilikuwa inanyesha. Sikumbuki. Nakumbuka viatu vya nesi, nakumbuka harufu ya dawa. Mvua sikumbuki. Nikifungua kumbukumbu za serikali zinaniambia ilinyesha milimita mbili. Na niliyeziandika ni mimi."

Alikuwa anasikiliza huku vidole vyake vinamenya. Nilidhani ataniambia pole, kwamba nilikuwa binti mdogo, kwamba Mungu anaelewa.

"Ile uliyoimwaga," alisema, "ilikuwa nyingi?"

"Ilikuwa nusu chupa. Labda zaidi."

"Uliimwagia wapi?"

"Kwenye majani."

"Basi imepotea," alisema. Akachukua ganda jingine la njegere.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma kwenye silinda. Lakini nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya jiko nikalia kama ambavyo sikuwahi kulia msibani.

Kabla sijaondoka alinipa mkungu wa ndizi na kunde kwenye kiroba, na akaniuliza kitu kimoja tu.

"Mtachukua chombo?"

"Sijui, bibi. Nitasema nilichokiona."

Nilisema. Mkuu wetu wa kituo alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu. Kuhusu mjane alikuwa na wasiwasi wa haki: fomu za miaka kadhaa zina saini ya mtu aliyekufa, na hapo kuna swali kama zinaweza kutumika. Kijana mtafiti ndiye aliyezipigania. Alichukua siku zote ambazo watu wa jirani walikuwa na kumbukumbu zao wenyewe, daftari la shamba la chai, kitabu cha wasimamizi wa mifereji ya maji, akazilinganisha na fomu za Mwalimu kabla na baada ya kifo. Hapakuwa na tofauti. Mimi nilitafuta fomu ya mwezi ule Mwalimu aliofariki. Nilikuwa nataka kuona kama mkono ulitetemeka. Nilipitisha kidole juu ya karatasi kama alivyokuwa akifanya Mwalimu katika upofu wake. Tarehe tisa, kumi, kumi na moja. Kumi na moja nukta nne. Nne iko wazi juu, kalamu imekandamizwa sawasawa, na siku iliyofuata imeandikwa vilevile, na iliyofuata.

Siku hiyo hiyo niliingia tena kwa mkuu, nikafunga mlango, nikamweleza kuhusu siku zangu tatu.

Alinigeukia. "Nani mwingine anajua?"

"Hapa ofisini hakuna."

"Sasa kwa nini unaniambia?"

"Naomba zifutwe. Ziandikwe kwamba hazipo."

Nilipewa barua ya onyo, nikazuiwa kupanda daraja mwaka ule. Mwenzangu mmoja tuliyekutana sokoni Mwanjelwa kwenye nyanya alinicheka mpaka wauza nyanya wakageuka. "Umejichongea mwenyewe," alisema, "kwa milimita saba!" Sikumlaumu. Zilikuwa saba nukta sita. Sasa ukifungua kituo kile cha Uporoto kwenye kompyuta, wiki ile ina matundu matatu. Nilidhani nikishayaona nitapata amani. Nilichopata ni kwamba naweza kuyatazama, basi.

Kazi ya yule kijana ilizaa matunda. Makadirio mapya ya mvua ya nyanda zetu hayaruki tena miezi ya baridi. Wanatazama unyevu wa mawingu ya chini na sura ya vilima, na wanasahihisha kwa vituo kama kile. Watu wanaopanga maji ya mito na ya mashamba wanajua sasa kwamba vilima vile hunyweshwa wakati tulipodhani ni vikavu. Kwenye mkutano alionyesha mchoro wa mstari uliokuwa umelala sifuri, na juu yake mstari wa fomu za Mwalimu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa naona jikoni, moshi, na mikono inayomenya.

Nilirudi Mufindi na mafundi waliokuja kufunga mtambo: nguzo, paneli ya sola, ndoo ndogo inayopinduka kila maji yakifika kiasi fulani, na laini ya simu ya kutuma vipimo vyenyewe. Nilileta pia barua na fomu mpya. Iliamuliwa chombo cha zamani kibaki kando ya mtambo mwaka mzima ili vilinganishwe, na kwamba mpimaji anayetambuliwa ni mjane mwenyewe.

"Andika jina lako hapa, bibi," nilimwambia. "Siyo la Mwalimu. Lako."

Aliweka fomu juu ya ubao, akaikunjua kona kwa kiganja. Aliandika pole pole, herufi moja moja, ulimi ukiwa pembeni ya mdomo. Alipomaliza tuliinama wote wawili tukatazama. Jina lilikuwa lake. Mwandiko ulikuwa wa Mwalimu. Alichukua kipande kingine cha karatasi akajaribu tena, kwa haraka safari hii, kana kwamba anataka kumtoroka mtu, na ukatoka uleule.

"Nilikuwa na wangu," alisema. "Darasa la nne nilikuwa na wangu."

Akajaribu mara ya tatu. Kisha akaiweka kalamu chini.

"Haya. Acha hivyo."

Mwaka ule ulipokwisha, magoti yake yalikuwa yamechoka kupanda na kushuka. Binti yake aliyeolewa Kalenga alikuja na pikapu kumchukua, na mimi nikaja kufunga kituo cha kupima kwa mkono. Alipima asubuhi ile kama asubuhi zote. Alisuuza silinda, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akanikabidhi ikiwa imeviringishwa kwenye gazeti. Hakutaka kuangalia nikiing'oa ile shaba. Alikwenda akasimama kaburini kwa muda, mgongo ukiwa kwetu. Binti yake aliona aibu ya kumharakisha, akajishughulisha na kamba za mizigo. Tulipomsaidia kupanda mbele, alivuta sweta, akafunga kioo mwenyewe. Hakugeuka nyuma. Nimemtembelea Kalenga mara mbili. Analalamika joto, na kwamba mbingu ya kule haina kitu ndani yake.

Miezi mitatu baadaye mtambo ulianza kutuma sifuri siku zote. Setilaiti, ile iliyofundishwa upya, ilisema inanyesha. Kijana mtafiti alinipigia akicheka kwa uchovu, nikapanda tena basi.

Nilifika asubuhi. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli, majani yamefika magotini, na kwenye faneli ya mtambo nyigu walikuwa wamejenga. Niliwafukuza kwa moshi, nikakwangua udongo wao kwa kijiko, nikamimina maji ya chupa kujaribu. Ndoo ndogo ikapinduka, tik, ikapinduka tena. Manyunyu yalikuwa yameanza.

Mwanamke mmoja mwenye jembe alikuwa anapita kwenye njia ya nje. Alisimama mbali kidogo na uzio. Tulisalimiana.

"Bibi hajambo?"

"Hajambo. Anawasalimu."

"Tulikuwa tukimwona anatoka na ile karatasi, tunajua saa tatu," alisema. "Mimi shambani sina saa. Nilikuwa nikiangalia huku tu."

"Na sasa?"

Alitazama mlango uliofungwa, halafu akanitazama mimi.

"Bado tunaangalia," alisema. "Wengine wanasema bado anatoka na karatasi yake. Mimi sijamwona."

Akaweka jembe begani, akaenda zake. Nilikusanya vifaa vyangu kwenye begi. Saa yangu ilionyesha saa tatu kasoro dakika nane, na bodaboda wangu alikuwa ameniahidi saa nne. Sikuingoja saa tatu pale uwanjani; nilikwenda kumngojea barabarani.